Shule ya mtandaoni Florida: uliza kwanza mtoto yuko kwenye rejista ya nani

Wazazi wengi waliofika Florida wakitokea Kongo, Kenya au Tanzania, ukiwatajia shule ya mtandaoni wanakumbuka mwaka 2020: mtoto kajikunyata mbele ya kompyuta, mwalimu anaomba kamera ziwashwe, intaneti inakatika kila dakika kumi. Ile ilikuwa dharura ya korona. Shule ya umma ya mtandaoni ya jimbo hili ni jambo jingine, na ina umri mkubwa kuliko Zoom yenyewe. Florida Virtual School, ambayo watu huiita FLVS, ilianza mwaka 1997, na makao yake yako Orlando. Mwaka 2000 bunge la jimbo liliifanya taasisi inayojitegemea. Ni shule ya serikali, walimu wake wana leseni za jimbo, na mkazi wa Florida halipi ada.

Shida ni kwamba mzazi anasikia "online" anadhani mlango ni mmoja. Milango iko mitatu, na kila mmoja una masharti yake kuhusu mitihani, diploma, mahudhurio na michezo. Kinachoamua yote hayo ni jina la mtoto liko kwenye rejista ya shule gani, wala si kwamba anasomea sebuleni au darasani.

Mlango wa kwanza ni FLVS Flex. Hapa mtoto habadilishi shule. Anabaki mwanafunzi wa shule yake ya mtaani, au wa elimu ya nyumbani, halafu anachukua somo moja, mawili au zaidi mtandaoni. Flex haitoi diploma hata mtoto akimaliza masomo ishirini. Inapeleka alama kule aliposajiliwa.

Mlango wa pili ni FLVS Full Time, kuanzia chekechea hadi darasa la 12. Hapa FLVS ndiyo shule yenyewe. Ina kalenda ya siku 180 kama shule nyingine za umma, ina vipindi vya moja kwa moja, inafanya mitihani yote ya jimbo, na mwishoni inatoa diploma.

Mlango wa tatu ni shule ya mtandaoni ya kaunti. Florida ina kaunti 67, kila moja na wilaya yake ya shule, na sheria inazitaka zitoe njia ya kusoma mtandaoni. Broward Virtual School, Orange County Virtual School na Hillsborough Virtual ni za namna hii. Nyingi zinatumia masomo yaleyale ya FLVS kwa mkataba, ila walimu ni wa kaunti. Kwa hiyo ukifungua ukurasa ukaona nembo ya FLVS, usidhani umejiandikisha FLVS.

Hela inavyotembea, na kwa nini simu haziishi

Ukielewa jinsi FLVS inavyolipwa, mambo mengi yanayowaudhi wazazi yanaeleweka. Shule ya kawaida hulipwa kwa kuhesabu watoto walio darasani katika wiki maalum za mwaka. FLVS hulipwa mwanafunzi anapomaliza somo na kufaulu. Mtoto akiacha katikati au akifeli, shule haipati kitu. Ndiyo maana mwalimu anapiga simu, anatuma ujumbe, anapiga tena, kisha mtoto asiyefanya kazi anaondolewa ili nafasi apewe mwingine. Wengine huona ni usumbufu. Kwa mzazi anayefanya zamu ya usiku ghalani, hizo simu ni msaada mkubwa.

Kuna upande wa pili ambao washauri wa masomo hawauongelei sana. Tangu mwaka 2013, fedha za mwanafunzi mmoja kwa mwaka wa masomo zina kikomo, na zinagawanywa kati ya wilaya na FLVS kulingana na masomo aliyosoma kila mahali. Mwanafunzi mzima anahesabiwa kwa masomo sita ya krediti kamili, yaani ya mwaka mzima. Somo moja likienda FLVS, sehemu ya fedha inalifuata. Basi usishangae mshauri akimshawishi mwanao achukue somo hilohilo kwenye shule ya mtandaoni ya kaunti. Huenda ushauri wenyewe ni mzuri, lakini ujue una sababu mbili. Sheria ya jimbo hairuhusu wilaya kumzuia mwanafunzi kuchukua somo la FLVS. Mshauri anaweza kusema somo halimfai kimasomo, mathalani Algebra 2 kabla ya Algebra 1. Hawezi kusema tu kwamba "shule yetu haitumii FLVS".

Kuandikisha somo la Flex

Hapa ndipo watu hukwama zaidi, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Akaunti ni mbili: ya mwanafunzi na ya mzazi au mlezi. Mwanafunzi anafungua yake, anachagua kaunti, anachagua shule anakosoma, anachagua somo. Kosa la kwanza hutokea hapa: mtoto wa shule ya umma anajaza kwamba yuko elimu ya nyumbani kwa kuwa anasoma nyumbani. Ombi linakwenda njia isiyo yake, na likigundulika linarudi mwanzo.

Somo la krediti moja limegawanywa mara mbili, nusu ya kwanza na nusu ya pili, kila moja nusu krediti. Aliyefeli muhula wa pili tu wa Biology anahitaji nusu ya pili peke yake. Kila mwaka wapo wanaorudia somo zima kwa sababu hawakusoma maelezo ya nusu.

Baada ya kuomba, ridhaa zinahitajika. Mzazi anaidhinisha kupitia akaunti yake, na mshauri wa shule naye anaidhinisha upande wake. Ombi linaweza kukaa mwezi mzima bila kusogea kwa sababu mzazi alidhani kumfungulia mtoto akaunti kumetosha, au kwa sababu shule imefungwa kiangazi na mshauri yuko likizo. Anayetaka somo la Juni na amwone mshauri mwezi wa Aprili.

Likishaidhinishwa linasubiri mwalimu. Masomo yanayopendwa, hasa HOPE, ambalo ni somo la afya na mazoezi la krediti moja linalodaiwa ili kuhitimu, huwa na foleni. Mwalimu akipatikana, hali ya somo inabadilika kuwa Classroom Assigned, yaani amepangiwa darasa. Mtoto hajaanza bado. Anatakiwa aingie, afanye kazi za utangulizi, na mwalimu aongee na mwanafunzi pamoja na mzazi kwa simu ya makaribisho. Simu ikishafanyika ndipo somo linaandikwa Active, yaani limeanza rasmi.

Hiyo simu ndiyo inayopoteza nafasi za watoto wetu wengi. Namba ngeni, mzazi hapokei, akidhani ni matapeli. Ujumbe wa sauti unaachwa kwa Kiingereza cha haraka, na baada ya majaribio kadhaa nafasi inakwenda kwa mwingine. Dawa yake ni ndogo: somo likifika Classroom Assigned, mtoto atafute namba ya mwalimu kwenye ukurasa wa somo, aihifadhi kwa jina, na yeye ndiye atume ujumbe wa kupanga saa. Kama Kiingereza chako hakitoshi, andika mapema kwamba unaomba mkalimani wa Kiswahili. Shule zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani zina wajibu wa kumpa mzazi mawasiliano anayoyaelewa. Usimfanye mtoto mkalimani wa simu inayomjadili yeye mwenyewe. Utasikia habari njema tupu.

Kwenye simu hiyo uliza mambo mawili na uyaandike: tarehe ya mwisho ya kuacha somo bila kuumiza alama, na tarehe ambayo somo linatakiwa liwe limekwisha. Wiki za mwanzo ni za matazamio. Zikishapita, kuacha somo huku ukiwa unafeli kunaweza kuingia kwenye hati ya matokeo.

Mwendo

Flex inajitangaza kwamba mtoto anasoma kwa mwendo wake. Ni kweli nusunusu. Nusu krediti kwa mwendo wa kawaida huchukua wiki 16 hadi 18, na kuna ratiba ya mwendo inayoonyesha kila wiki kazi zipi ziwasilishwe. Mtoto anaweza kuomba ratiba ya haraka au ya taratibu, lakini hawezi kukaa bila ratiba.

Piga hesabu. Tuseme nusu ya somo ina kazi 51 na wiki 17: ni kazi tatu kwa wiki. Akilala wiki tatu ana deni la kazi tisa, na ya kumi haifunguki mpaka afanye mtihani wa moduli (sehemu ya somo) aliyoiacha. Deni la wiki moja hulipwa Jumamosi moja. La wiki tano halilipwi, na hapo ndipo majibu ya kunakili yanapoanza, kisha programu ya kukagua unakili inakamata, kisha sifuri, kisha barua kwa mshauri. Kwa hiyo usimuulize mtoto "umesoma leo?" Mwambie afungue ratiba ya mwendo na daftari la alama, mhesabu pamoja: kazi zilizotakiwa hadi leo, kazi zilizowasilishwa. Dakika tano kila Jumapili zinatosha.

Kuna kitu kimoja cha FLVS ambacho hakina njia ya mkato, nacho ni mazungumzo ya tathmini, ambayo wanafunzi huyaita DBA. Mwishoni mwa moduli mwalimu anaongea na mwanafunzi kwa simu. Si mtihani wa kukariri. Mwalimu wa Algebra 1 anaweza kuwa na kazi ya mtoto mbele yake akamwambia: "Kwenye swali la nne umepata mwinamo hasi mbili. Umejuaje ni hasi kabla ya kukokotoa? Na nikibadilisha namba hii iwe tatu, mstari utafanyaje?" Aliyefanya kazi mwenyewe anajibu hata kwa Kiingereza cha kubabaisha. Aliyefanyiwa na kaka yake, au na programu ya akili bandia, anakwama kwenye "umejuaje". Bila DBA somo halikamiliki, hata alama nyingine zote ziwe A.

Mtoto anayejifunza Kiingereza huogopa sana simu hizi, na woga huo humfanya aziahirishe. Inasaidia akiandika hoja zake kwenye karatasi kabla, na akimwambia mwalimu tangu mwanzo kwamba anahitaji muda wa kufikiri. Walimu wengi ni wavumilivu. Ila nafasi zao za simu hujaa mwezi Mei, kila mtu anapokimbilia kumaliza. Aliyebakiza DBA tatu wiki ya mwisho ya shule atasubiri.

Wa darasa la 12 ana hatari yake peke yake. Somo likiisha siku mbili kabla ya mahafali, alama bado inatakiwa isahihishwe, ithibitishwe, itumwe, iingizwe na karani wa shule. Florida inadai krediti 24 na wastani wa alama wa 2.0 (sawa na C), ikikosekana nusu krediti moja, diploma hakuna. Mwekee mwisho wake katikati ya Aprili, chochote kinachosemwa na ratiba.

Mitihani ya jimbo inafanyika ana kwa ana, hata somo likiwa la mtandaoni. Algebra 1, Geometry, Biology 1, historia ya Marekani na somo la uraia la shule ya kati (darasa la 6 hadi la 8) yana mtihani wa mwisho wa jimbo unaobeba asilimia 30 ya alama ya somo, na wa Algebra 1 ni lazima kuufaulu ili kuhitimu, pamoja na ule wa kusoma na kuandika wa darasa la 10. Aliyemaliza Biology ya Flex mwezi Novemba anatakiwa apangiwe mtihani shuleni kwake, na mara nyingi hakuna anayemkumbuka kwa kuwa hayumo kwenye orodha ya darasa lolote la Biology. Mzazi au mwanafunzi ndiye akamkumbushe mshauri.

Wapo wanaotumia Flex kurudia somo. Kanuni ya Florida ya kufuta alama mbaya, kwa masomo ya lazima ya sekondari, inagusa D na F peke yake: ukirudia ukapata C au zaidi, ile ya zamani haiingii kwenye wastani. Mwenye C hawezi kurudia ili apate A ikafuta C. Mtoto wa shule ya kati anayesoma somo la krediti ya sekondari yeye amepewa nafuu, hata C yake inafutika.

Full Time, na watoto wadogo

Kwa sekondari, Full Time inamfaa mtoto anayejituma, au mwenye sababu ya kweli ya kutokwenda darasani, kama maradhi. Kwa shule ya msingi, semeni ukweli nyumbani: mwanafunzi wa darasa la kwanza hasomi peke yake. Anahitaji mtu mzima kando yake sehemu kubwa ya siku, wa kumfungulia somo, kumsikiliza akisoma kwa sauti, kupiga picha kazi za mkono na kuzituma. Kama wazazi wote wawili wanatoka saa kumi na moja alfajiri na bibi hasomi Kiingereza, hiyo siyo njia yenu mwaka huu.

Darasa la 3 lina mtego wake. Mtoto anatakiwa afike angalau ngazi ya 2 kwenye mtihani wa jimbo wa kusoma, la sivyo hupanda darasa kwa misamaha maalum tu. Sheria hiyo haijali kama alisomea nyumbani kwenu.

Anayeingia Full Time anaulizwa nyaraka: uthibitisho wa kuishi Florida kama mkataba wa pango au bili ya umeme, matokeo ya shule aliyotoka, na uthibitisho wa umri. Waliokimbia vita bila cheti cha kuzaliwa wasirudi nyuma. Sheria ya Florida inakubali mbadala kwa mpangilio maalum, ikiwemo hati ya ubatizo, pasipoti au hati ya kuwasili Marekani. Na ikishindikana kabisa, kiapo cha mzazi pamoja na cheti cha daktari. Na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1982 katika kesi ya Plyler, shule ya umma haiwezi kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji.

Kwenye fomu kuna maswali matatu kuhusu lugha: kama nyumbani mnatumia lugha isiyo Kiingereza, kama lugha ya kwanza ya mtoto si Kiingereza, na kama mtoto huongea zaidi lugha nyingine. Wazazi wengine hujibu hapana zote wakihofia mtoto kuwekwa "darasa la wageni". Jibu kweli. Ndiyo moja inampeleka kwenye kipimo, na kipimo ndicho kinachomfungulia msaada wa lugha na muda wa ziada kwenye mitihani.

Michezo haipotei. Mwanafunzi wa Full Time anaruhusiwa kuchezea timu ya shule ya umma ambayo angepangiwa kulingana na anapoishi, mradi ajiandikishe kabla ya kuanza kushiriki.

Elimu ya nyumbani isichanganywe na haya

Kusoma nyumbani na kuwa kwenye elimu ya nyumbani kisheria ni mambo mawili. Anayechagua elimu ya nyumbani anampelekea msimamizi mkuu wa shule za kaunti taarifa ya maandishi ndani ya siku 30 tangu aanze, anatunza faili la kazi za mtoto na orodha ya alichosoma kwa miaka miwili, na kila mwaka anawasilisha tathmini, kwa mfano ya mwalimu mwenye leseni aliyelikagua faili na kuongea na mtoto. Mtoto huyo anaweza kuchukua masomo ya Flex bure. Diploma ya shule ya umma hapati.

Anayemtoa mtoto shule na kumkalisha nyumbani akisubiri Flex iidhinishwe, bila taarifa hiyo wala usajili popote, mtoto wake anahesabika mtoro. Florida inalazimisha shule kuanzia miaka 6 hadi 16, na siku 15 za kukosa bila udhuru ndani ya siku 90 zinamtia mtoto kwenye kundi la watoro sugu. Kwa kijana, hata leseni ya udereva huguswa. Usimtoe anakosoma kabla kule kwingine hawajakuthibitishia kwa maandishi kwamba yumo.

Kuna pia fedha za ufadhili wa jimbo zilizopanuliwa mwaka 2023, ambazo familia hupewa kununulia elimu ya mtoto nje ya shule ya umma. Ukizichukua, somo la FLVS halitakuwa bure tena. Utalilipia kwa hizo fedha kama mteja wa binafsi. Ukisikia mtu analalamika kwamba FLVS imemtoza pesa, mara nyingi sababu ni hii. Nyingine ni kwamba aliingia tovuti ya kampuni iliyojipa jina linalofanana, inayouza diploma kwa majuma mawili. Shule ya umma ya Florida haikuombi kadi ya benki ili umwandikishe mkazi. Ukiwa na shaka, piga simu ofisi ya wilaya ya shule ya kaunti yako, uliza namba ya shule hiyo kwenye orodha ya jimbo, na usilipe wala kusaini mpaka uisikie.